Maziwa ya Alaska

Jumamosi nilipanda Kibosho kwa mama, nikamkuta jikoni kaacha dirisha wazi na baridi yote ile, koki ya bayogesi imelegea tangu juzi na fundi kila akipigiwa yuko njiani. Mtambo wenyewe unakula samadi ya ng'ombe wawili tu, unakoroga na maji unamwaga shimoni, bakteria wanaichakata humo bila hewa, gesi inapanda kwenye bomba. Mama akawasha kiberiti, moto wa bluu huo, akabandika chai.

Nikamwambia mama hii ndo methani, hii hii inatoka kwenye maziwa ya Alaska. Akanikazia macho. "Maziwa gani hayo yanatoa gesi, yamechacha?"

Aisee nilicheka! Nikamwonyesha kwenye simu mtafiti Katey Walter Anthony anavyotoboa barafu ya ziwa, kiberiti kikisogezwa moto unaruka juu. Kule kaskazini mwa dunia, sio Alaska tu, chini kuna ardhi iliyoganda maelfu ya miaka, imejaa mabaki ya majani na wanyama, kaboni yake inakaribia mara mbili ya iliyopo hewani, sasa ikiyeyuka ikatota maji inakuwa kama shimo la mama tu ila lenyewe linaimeza Tanzania zaidi ya mara kumi. Na methani ni mbaya, ukipima kwa miaka 20 inapasha dunia kama mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, japo yenyewe haidumu sana, hewani inakaa wastani wa miaka 12 hivi.

Kuna wanaotisha watu eti ile iliyofungwa kwenye barafu chini ya bahari italipuka yote kwa mpigo. Ripoti ya 2021 ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inasema karne hii uwezekano wa hilo ni mdogo sana, na mimi nimewaelewa. Kinachonisumbua ni hii ya kuvuja pole pole, maana ya mama ina koki, hata kama mbovu.

Mama wala hakushangaa sana. Akaelekeza kidole Kibo, akasema enzi za usichana wake kule juu kulikuwa kweupe kuliko hivi. Kweli, kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kama asilimia 85, hiyo nayo nilimsomea, akaitikia "mmh" akaendelea kukoroga chai.

Baadae tukapaka povu la sabuni kwenye koki kuona inapovuja. Likavimba upande wa chini, kijipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine.

"Hebu mpigie tena huyo fundi."