Kikonyo cha Ume

Kutoka Osaka hadi Minabe, mkoani Wakayama, nililipia tiketi mbili kwa kiti kimoja: nauli ya kawaida, na juu yake nyongeza ya treni ya mwendo kasi. Mfuko wa mwanafunzi uliumia, na mvua ya Juni haikukatika njia nzima. Wajapani huiita tsuyu, jina linaloandikwa kwa alama ya ume, tunda la huko linalofanana na plamu, na alama ya mvua, kwa kuwa hunyesha wakati tunda hilo linapopevuka.

Mimi ni mtu wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, nimekulia penye pombe ya mbege. Kwa hiyo nilipoingia katika kiwanda kidogo cha ukoo kinachotengeneza umeshu, pombe ya ume, chenye tufe la majani ya mwerezi mlangoni, ishara ya watengeneza pombe, nilitega pua nikitafuta harufu ya kuchacha. Haikuwapo. Umeshu, ambayo sisi wageni huiita divai ya plamu, haichachushwi: ume mbichi hulowekwa ndani ya shochu, pombe kali ya Kijapani, au sake, pombe ya mchele, iliyokwisha kutengenezwa, pamoja na sukari ya mawe. Na hiyo ume yenyewe ina undugu wa karibu zaidi na aprikoti kuliko plamu za Lushoto.

Mama mwenye kiwanda alinikalisha mbele ya beseni la ume za kijani, akanipa kijiti cha mwanzi. Kazi ilikuwa kuchokoa kikonyo kikavu, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, pasipo kuchubua ganda, maana kikonyo kikibaki huleta uchungu, na tunda lililojeruhiwa hukiondolea kinywaji uangavu. Ishirini zangu za mwanzo alizigeuza mojamoja dirishani, akaziweka saba kando bila kusema neno. Niliona haya sana. Baadaye nilitaka kuonja moja, naye akanidaka mkono kabla meno hayajafika. Mwenzangu aliyekuwa akitafsiri akaeleza kwamba ume mbichi ina sumu, hasa kwenye kokwa.

Kisha tulijaza chupa ya mdomo mpana: kilo moja ya ume, sukari kidogo pungufu ya hapo, na lita 1.8 za pombe kali. Sukari ya mawe huyeyuka polepole, hivyo pombe hupata kwanza nafasi ya kupenya ndani ya tunda, ndipo utamu uvute maji yake nje.

Tangu 1962 sheria ya huko inamruhusu mtu kuloweka umeshu yake nyumbani, mradi pombe anayolowekea iwe na kilevi kisichopungua asilimia 20, na umeshu hiyo asiiuze. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye mbege yake ya ndizi na ulezi haikuwahi kusubiri wiki, kwa kuwa ingekuwa siki. Mama yule aliniambia nisiifungue yangu kabla ya mwaka.

Iko kabatini. Sukari imebaki tabaka jembamba chini, na ume zinazoelea juu zimeanza kukunjamana.