Tangazo Sitalifuta

Jana asubuhi alinipigia mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Marekani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akataka nifute tangazo langu la kijana wetu aliye kizuizini cha uhamiaji. "Mwanangu, unatuanika." Neno hilo limenikaa kifuani kutwa nzima.

Tunaanikwa nini? Mtu akifiwa huku, jua halizami kabla michango haijaanza. Akikamatwa na uhamiaji tunanong'ona: "Kwani alifanya nini?" Kupitiliza muda wa viza, kwa sheria za hapa, si jinai. Na wenye grini kadi msijione mmevuka mto: sheria ya uhamiaji ya 1996 ilirefusha sana orodha ya makosa ya kumrudisha mtu kwao, hata ya zamani.

Usiku wa kwanza kijana wetu alipokamatwa, nilikaa jikoni na dada yake. Bahasha zote za droo zilikuwa zimemwagwa mezani, anatafuta namba moja tu, ile inayoanza na herufi A, wanayokupa uhamiaji na ambayo kwayo aliyezuiliwa hutafutwa. Unaweza kumtafuta mtu kwa jina pia, ila liwe herufi kwa herufi kama walivyoliandika wao, na majina yetu wanayaandika wanavyoyasikia. Namba ilikuwa kwenye kadi ya kibali cha kazi. Kadi ilikuwa kwenye pochi yake, huko huko aliko.

Basi wewe uliyefika, na wewe unayefunga begi kuja: namba hiyo mwachie mtu unayemwamini, leo. Mahakama ya uhamiaji haikupi wakili wa kulipwa na serikali. Utamlipa mwenyewe au umtafute wa kujitolea. Ukiwa na kesi kisha ukahama, ijulishe mahakama ndani ya siku 5 za kazi, maana wito ukienda anwani ya zamani nawe usitokee, jaji anaweza kuamuru urudishwe hata haupo. Na usisaini usichokielewa, hata wakikuambia ndiyo njia ya kutoka upesi. Zipo saini zinazokunyima nafasi ya kusikilizwa na jaji.

Jioni, baada ya simu ya mzee, mama mmoja ninayekaa naye kila mkutano alinivuta pembeni. Mumewe yuko ndani, miezi inaingia minne sasa. Sote tulipokuwa tukimuuliza, alitujibu yuko safari.

Mzee wangu, shikamoo tena. Tangazo sitalifuta.