Sakafu Ilikuwa Kavu

Jana kwenye foleni ya pasipoti, Nyayo House, Nairobi, binti yangu aliniuliza, "Mama, huku chini kuna nini?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Hatujaongea.

Nilishuka huko Februari 2003, serikali mpya ilipowafungulia wananchi vile vyumba vya mateso. Umati, kamera, hotuba, mengi nimeyasahau. Sijamsahau mzee mmoja aliyefungiwa mle enzi za msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi. Kabla ya kuingia seli aliinama, akakunja suruali hadi karibu na magoti, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, polepole. Sakafu ilikuwa kavu.

Akasimama katikati, akatuonyesha kwa kidole maji yalipofika, juu kidogo ya kifundo. Maji kiasi hicho hayakuzamishi. Ila huwezi kuketi wala kulala, na siku zinavyokwenda ngozi ya nyayo inalainika, inachubuka, kukanyaga tu ni maumivu. Chakula hakuna. Ukifungwa kitambaa machoni upandishwe ghorofa za juu kuhojiwa, hujui kama ni usiku au mchana.

"Waliponiuliza nani alinilisha kiapo," alisema, "hata jina la mwalimu wangu lilikuwa limenitoka. Nikataja la kwanza lililonijia."

"Likawa la nani, mzee?"

"La jirani."

Mtu asiyelala kumbukumbu ndiyo humtoka mapema, na ndiyo hiyo mhoji anayoitafuta. Kinachobaki ni hamu ya kumridhisha anayeuliza ili maji yatolewe. Ndivyo watu walivyofikishwa kortini mwaka 1986 bila wakili, wengine jioni ofisi zimeshafungwa, wakakiri wakafungwa. Fidia ya baadhi yao Mahakama Kuu iliiamuru mwaka 2010.

Wapo wanaoniuliza: je, kama angekamatwa mmoja wa magaidi usiku wa kuamkia Agosti 7, 1998, kabla bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi? Swali hilo sijawahi kulimaliza. Nilizika mtu wiki ile. Lakini kila nikilishika namwona mzee na kidole chake. Maji yale hayakuwa na namna ya kumtambua anayejua kitu na asiyejua.

Alipotoka aliikunjua suruali, akazipangusa pindo zake kwa viganja, kama mtu aliyetoka kuvuka mto.