Kilomita 21 kwa magodoro 20

Asubuhi ya kwanza nilipotoka kukimbia, jirani yangu aliyekuwa anafagia uwanja alisimama na ufagio mkononi akaniuliza, "Nani kafa?"

Sikumlaumu. Hapa Ngamiani, Tanga, mwanamke wa miaka 41 akionekana anakimbia kabla jua halijachomoza, ama kuna msiba, ama kuna mwizi. Nikamjibu ni mazoezi tu. Akauangalia ushungi wangu, akaziangalia raba, akasema, "Haya, Mungu akuafu."

Nilikuwa nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, tangu 2003. Kilomita 21 na ushee. Mpaka siku ile, mbio zangu ndefu zilikuwa za kuwahi daladala. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yetu ni ya kukaa.

Aliyenitoa ndani ni mdogo wangu. Alikula unga, yaani dawa za kulevya, miaka tisa. Siwezi kuyasema yote, ila mwaka wa sita aliiba ovaloki yangu, mashine ya kumalizia pindo, akaiuza, nami nikamfungia mlango. Mwaka wa tisa mama akaniomba nimsindikize soba, yaani nyumba ya upataji nafuu. Nilikwenda kwa heshima ya mama. Imani sikuwa nayo.

Nilichokikuta kule ndicho kilichonikaa. Kijana anapoacha unga, siku za mwanzo ni za alosto: makamasi yanachuruzika, mifupa inauma, anatapika, anaharisha, anatokwa jasho huku anatetemeka kwa baridi, na usingizi haupo. Vijana walikuwa 31, magodoro 14. Walilala wawili wawili kwenye godoro la futi tatu, mmoja akitapika, mwenzake akijikunyata ukutani. Mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliyefika mwisho, alipewa jamvi. Nyumba ile inaishi kwa ada za familia, na familia nyingi hazina cha kulipa kwa sababu kijana mwenyewe alishauza kila kilichokuwa ndani.

Alikaa miezi minne, akatoka, akarudia unga, akarudishwa. Nilipoanza mazoezi alikuwa na miezi mitano klini, yaani bila unga, kama wenyewe wanavyosema.

Msimamizi, ambaye naye alipitia hukohuko, aliniambia wanahitaji magodoro 20, na mota ya kuvuta maji iliungua. Nikapiga hesabu: shilingi 2,100,000. Kwetu harusi ya mtu wa kawaida inachangiwa zaidi ya hapo, tena kwa kadi, kamati na simu za kukukumbusha usiku wa manane. Kwa mateja nani atachapa kadi? Nikaona lazima kuwe na jambo la watu kulitazama. Mteja wangu mmoja muuza kanga aliwahi kukimbia Moshi akarudi na medali, mtaa mzima ukaishika. Nikasema na mimi nitakimbia.

Mpango ulikuwa huu: kila kilomita nitakayoimaliza, wewe unalipa ulichoahidi. Mwenye 500 aseme 500, mwenye 1,000 aseme 1,000. Nikidondoka kilomita ya nane, unalipia nane. Vijana wa bodaboda wa kijiweni walilipenda hili kuliko nilivyotegemea, wakaanza kubishana nitadondoka wapi. "Dada fundi, mimi nakupa tano tu, zaidi ya hapo utabebwa." Mmoja akadakia, "Kwani unachangisha hela ya unga?" Kijiwe kizima kikacheka, nami nikacheka.

Habari ikamfikia shehe wa msikiti wetu, akaniita.

"Binti yangu, nasikia umeanzisha kamari."

Nikamweleza kwamba hakuna anayeshinda kitu. Nikimaliza watu wanatoa zaidi, nisipomaliza wanatoa kidogo, na zote zinakwenda kwenye magodoro. Akafikiri. Akasema, basi hiyo ni sadaka iliyotiwa mbwembwe, na yeye mbwembwe hazitaki. Akatoa 42,000 palepale. "Kimbia usikimbie, hiyo imeshatoka." Kwamba mdhamini mkuu wa mbio zile ni bia, sikuona haja ya kumtajia.

Ugumu wenyewe haukuwa hapo. Ulikuwa kwa watu waliokwisha kuibiwa. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa bibi mmoja muuza vitumbua. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, mimi nimeshawachangia. Nimewachangia mtungi wa gesi, sufuria mbili, na kanga zangu zilizokuwa kwenye kamba."

Ningemjibu nini? Na sina hakika kwamba mtungi ule haukubebwa na wa kwetu. Nikakaa, nikamsaidia kuosha vyombo, nikaondoka bila kuomba tena. Tangu siku ile kila nyumba nilianza na ovaloki yangu. Nilikuwa nawaambia: mimi pia nimeibiwa, na aliyeniiba yumo humo ninamoombea. Watu walilegea kidogo.

Wengine waliuliza kwa nini nihangaike wakati serikali inatoa dawa bure. Ni kweli, methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ipo. Ilianza Muhimbili mwaka 2011 na sasa inatolewa kwenye vituo kadhaa nchini. Lakini ile kwa kawaida ni dawa ya kunywa kila siku kliniki, mbele ya mhudumu, na mtu anarudi kulala kwake. Soba ni mahali pa kuishi miezi kadhaa bila dawa: kuamka kwa ratiba, kupika, kuketi kwenye mikutano yao, kukaa mbali na kijiwe. Yuko anayefaa kwa hii na yuko anayefaa kwa ile.

Kuhusu fedha niliweka sharti mapema, na bila sharti hilo nisingepata hata nusu: hela haishikwi na mimi wala haipelekwi soba. Mweka hazina wa kikoba chetu ndiye aliyepokea, na yeye ndiye aliyemlipa muuza magodoro. Daftari nililifunga kwa kamba kwenye meza yangu ya kukatia nguo, kila anayepita alifungue asome. Walilisoma kweli. Nilikuta mtu amefuta 500 ya mwenzake akaandika 1,000, kwa utani, na mwenzake akaona haya kukataa.

Mazoezi yalichukua miezi minne. Nilianza kwa dakika moja mbio, dakika nne kutembea, baada ya swala ya alfajiri, kwenda Raskazone na kurudi. Wiki mbili za mwanzo kichomi kilinikamata kila siku. Ukucha wa dole gumba ulikufa kwa sababu raba za mtumba nilinunua saizi yangu ya viatu vya kawaida. Nunua inayozidi kidogo, mguu unavimba. Ushungi wa dukani ulinichubua shingo, nikashona wangu kwa kitambaa cha jezi. Hapo ufundi ulinifaa. Mapajani ni vaseline tu.

Tatizo la Tanga ni tambarare, na njia ya Moshi inapanda. Shangazi yangu yuko Mombo, basi mara tatu nililala kwake nikapanda barabara ya kwenda Soni. Anayeijua ile barabara anajua ninachosema: kona juu ya kona, bonde upande mmoja, malori ya kabichi yanashuka kutoka Lushoto yakinuka breki. Mara ya kwanza nilikimbia dakika sita nikakaa kwenye jiwe. Mara ya tatu nilifika nusu ya njia bila kusimama, na utingo wa basi akanipigia makofi dirishani.

Siku ya mbio tulianzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Umati ule sijawahi kuuona. Nilijizuia nisifuate wenye haraka. Ukitoka mjini njia inaanza kupanda kuelekea Mweka na inaendelea kupanda, migomba kushoto, kahawa kulia, watoto wamesimama pembeni wanakunyooshea viganja uvigonge. Kilomita ya tisa miguu iligoma. Nikatembea. Hapo nikafanya hesabu niliyokuwa nimeikwepa: ahadi zote za daftari pamoja zilikuwa 64,000 kwa kila kilomita. Kilomita moja na kidogo, godoro moja. Nikaacha kuhesabu kilomita, nikawa nahesabu magodoro. Nikigeuza kule juu nilikuwa na manane na nusu, na kuanzia hapo ni kushuka. Niliingia uwanjani kwa saa mbili na dakika 58, nikakaa kwenye nyasi nikalia kama mtoto. Mlima wenyewe sikuuona, ulikuwa umejifunika mawingu.

Kukusanya ahadi kulinichukua muda mrefu kuliko mbio zenyewe: mbio ni saa, ahadi ni miezi. Za papo hapo zilikuwa 560,000, pamoja na ya shehe. Za kilomita zilitakiwa 1,344,000, zimepatikana 1,090,000. Kwa hiyo lengo sikulifikia. Lakini muuzaji alitupunguzia hadi 72,000 kwa godoro, tukachukua yote 20, na mota badala ya kununua mpya tukaipeleka kwa fundi akaisuka upya kwa 180,000. Zilibaki 30,000, tukanunua sabuni.

Siku ya kupeleka, kirikuu kilipaki mbele ya duka langu kimejaa mpaka juu. Bibi wa vitumbua alitoka, akabonyeza godoro kwa kidole, akauliza bei, akarudi ndani. Kesho yake mjukuu wake akaniletea shuka mbili. Kuukuu, lakini zimepigwa pasi.

Mdogo wangu ndiye aliyeyashusha na wenzake, mawili mawili kichwani. Sasa ana miezi kumi na moja. Ovaloki bado hajanilipa, nayo nimeiandika kwenye daftari, ukurasa wa mwisho.

Wadaiwa wamebaki wachache. Yule wa bodaboda aliyesema nitabebwa kilomita ya tano baadaye alijitapa mbele ya watu akaandika 2,000 kwa kila kilomita, yaani 42,000. Akiniona anawasha pikipiki. Juzi haikuwaka, nikamfukuza kwa miguu mpaka karibu na soko la Mgandini. Amenipa 20,000.