Dawa ya kwanza ilinishinda

Nilipoandikiwa fluoxetine, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi, nilidhani itakuwa kama dawa ya maumivu ya kichwa: unameza, unangoja kidogo, yameisha. Siku ya tatu nilichokuwa nacho ni kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Sonona ilikuwa palepale.

Daktari alinipa karatasi ya maswali tisa kuhusu dalili zangu, kila swali alama 0 hadi 3, niijaze kila baada ya wiki mbili. Alama zikiwa nyingi, sonona ni kali zaidi. Nilianza na 19 kati ya 27. Wiki ya nne, 17. Dozi ikapandishwa. Wiki ya nane, 16. Nikamwambia, "Daktari, labda mbovu ni mimi."

Ndipo aliponieleza kuhusu STAR*D, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake 2006. Haukuchagua wagonjwa waliochujwa. Ulichukua watu wa kliniki za kawaida, wenye magonjwa yao mengine. Dawa ya kwanza iliwapa nafuu kamili kama theluthi moja tu. Wengine walibadilishiwa au kuongezewa, na baadhi yao wakapata nafuu huko. Ajabu, habari ya wengi kushindwa ndiyo iliyonituliza.

Tukahamia sertraline, dawa nyingine ya sonona. Wiki ya tano niliosha kikombe kilichokaa kando ya kitanda hadi kikaota ukungu. Sikusikia furaha yoyote. Jioni tu ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi ile sikujilazimisha. Karatasi ikasoma 11, baadaye 6.

Nafuu haikuja bure. Hamu ya tendo la ndoa ilikufa kabisa, nami nikaona haya kulisema kwa miezi miwili. Niliposema, daktari hakushtuka hata kidogo. Kumbe analisikia kila wiki. Dozi ikashushwa, mambo yakarudi nusunusu.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwezi wa nne. Nilijiona nimepona, nikaacha ghafla bila kumwambia mtu. Siku ya pili kizunguzungu, na kila nikigeuza macho nahisi kama shoti ya umeme kichwani. Nikarudi kwa daktari kichwa chini. Akanirudishia dawa, tukakubaliana niendelee angalau miezi sita tangu dalili zitulie, kisha tupunguze kidogo kidogo.

Mara ya mwisho nimepata 4. Mbili kati ya hizo ni za usingizi.