Kulizunguka Ziwa Kinyume

Baba yangu aliendesha magari ya watalii kwa miaka 31, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutupeleka Ziwa Nakuru hata mara moja. Sisi watoto wake tuliliona kwa mbali tu, kutoka sehemu za juu za mji, zamani zile ambapo ukingo wake ulionekana kama utepe wa rangi ya waridi ulioshonewa kwenye pindo la maji. Yeye aliliona kila wiki, lakini aliliona, kwa maneno yake mwenyewe, kupitia kioo cha pembeni, akitafuta mwanya wa kulipita gari la mwenzake. Siku zake za mapumziko alilala. Ukimwomba akupeleke ziwani alikutazama kama vile mtu angemtazama anayemwomba mwokaji mikate ale mkate siku ya Jumapili.

Safari yetu ilifanyika tarehe 27 Desemba 2022, na sababu yake ilikuwa Shangazi. Alikuwa amepanda kutoka Mombasa kuja kula Krismasi nasi, na tangu aliposhuka kwenye basi akiwa amejitanda leso mbili juu ya sweta, hakuacha kuuliza lini angepelekwa kwenye "hilo ziwa lenu la mlimani". Kwa Shangazi kila mahali panapomlazimisha mtu kuvaa sweta ni mlimani. Nilitaka kumsahihisha, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba ziwa letu liko chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, lakini ukweli ni kwamba sakafu hiyo yenyewe iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, kaskazini imesimamiwa na Menengai na magharibi na safu ya Mau, na mtu aliyezaliwa Kisauni, kule Mombasa, ana haki ya kuiita mlima.

Tatizo lilikuwa tarehe. Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo wiki ambayo nusu ya Kenya hukumbuka kwamba Nakuru ina mbuga. Mabasi ya makanisa, magari ya familia kutoka Nairobi na Eldoret, na yale magari yenye paa la kufunguka ambayo Baba alitumikia ujana wake wote, yote huingia humo. Nilipendekeza tungoje Januari. Baba, ambaye tangu corona ilipofunga utalii mwaka 2020 hakuwa amerudi kazini wala kulitaja ziwa, aliweka kikombe chake mezani na kusema kwamba watu hawajai kila mahali wala kila saa. "Wanafuatana," alisema. "Wewe niachie mimi njia, uendeshe tu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kwenye Probox ya shemeji yangu, mimi kwenye usukani, Baba kushoto kwangu na darubini yake iliyofungwa kamba ya kiatu, na Shangazi nyuma pamoja na chupa mbili za chai na bakuli la mahamri aliyoyakaanga usiku. Hatukuelekea lango kuu lililo upande wa mjini. Tulikwenda lango la Lanet, ambalo kutoka kwetu Free Area lilikuwa karibu zaidi kwa vyovyote, tukalipa kwa simu kwa kuwa pesa taslimu haipokelewi, na saa kumi na mbili na dakika chache tukaingia. Mbele yetu hapakuwa na gari lolote.

Sababu ya kupita Lanet haikuwa ukaribu. Baba alinieleza jambo ambalo, nadhani, alikuwa amelijua kwa miaka thelathini bila kupata mtu wa kumwambia. Wageni wengi hulala mjini, huingia kwa lango kuu, na jambo la kwanza wanalolitaka ni kupanda Baboon Cliff, ule mwamba wa nyani wa upande wa magharibi, ili walione ziwa lote kwa jicho moja. Lakini asubuhi jua hutoka mashariki, kwa hiyo mtu aliyesimama mwambani wakati huo ametazamana na jua uso kwa uso, na picha zake zote hutoka na ziwa jeupe kama sahani. Mwenye akili huanza mashariki, jua likiwa mgongoni, kisha huzunguka kwa kupitia kusini polepole, ili alasiri aufikie mwamba jua likiwa limehamia nyuma yake. "Sasa kwa nini hukuwapeleka hivyo?" nilimuuliza. Alijibu kwamba alijaribu mwanzoni, ila mgeni akiona magari mengine yote yanaelekea upande ule, huamini dereva wake amepotea.

Tulipita chini ya Lion Hill, kwenye ule msitu wa miti yenye utomvu mweupe ambayo matawi yake husimama wima kama vidole vya mkono ulioinuliwa. Giza lilikuwa bado limelalia barabara, lakini ng'ambo ya ziwa kilele cha mwamba kilikuwa kimeshaguswa na jua. Tulipotokea kwenye uwanda, Baba alinigusa mkono nikazima injini.

Palikuwa na heroe, ambao sisi wa Nakuru huwaita flamingo na basi, pengine mia mbili au tatu. Kwa aliyeona yale makundi ya zamani, hao ni kama punje zilizosahaulika kwenye ungo. Shangazi hakuwa na la kulinganisha, akapiga kelele ya furaha kisha akajifunika mdomo kwa leso. Baba alimpa darubini, akamwelekeza amtazame mmoja tu. Na mimi nilipopata zamu yangu nikaona jambo ambalo picha zote za kalenda hazikunionyesha: ndege huyo hula kichwa kikiwa kimepinduka, mdomo umelalia maji kwa upande wa juu, na koo lake linapiga haraka haraka, kwa sababu ulimi hufanya kazi ya pampu, ukivuta maji ndani na kuyasukuma nje huku mwani mdogo sana ukinaswa kwenye vichujio vya mdomo. Anatembea, anachuja, anatembea.

Mwani huo ndio ulioleta heroe na ndio uliowaondoa. Huota vizuri penye magadi mengi. Ziwa halina mto unaotoka, bali huingiwa tu na Njoro, Makalia, Nderit na vijito vingine, kwa hiyo maji yake huondoka kwa kukaukia juani na chumvi yake hubaki. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalipanda mwaka baada ya mwaka, magadi yakazimuliwa kama chai iliyoongezwa maji, mwani ukapungua, na ndege wakahamia maziwa mengine, hasa Bogoria. Shangazi alimsikiliza Baba kwa makini, kisha akauliza kama hawangeweza kulitia ziwa chumvi. Sijawahi kumwona Baba akicheka vile.

Kufikia saa tatu tulikuwa tumewaona vifaru weupe wanne wakila nyasi kama ng'ombe wa jirani, nyati, kuro, na twiga mmoja aliyesimama barabarani mpaka aliporidhika mwenyewe. Magari tuliyokutana nayo hayakuzidi matano. Hapo ndipo nilipoharibu mambo.

Tulikuwa tukielekea kusini nilipoona, upande wa kulia, kundi la magari limesongamana kwenye migunga. Dereva mmoja alipita akasema kwa sauti ya chini, "Chui, juu ya mti." Baba alisema tuendelee na safari. Nilimwambia, kwa ukali kidogo, kwamba Shangazi hatapata nafasi nyingine ya kumwona chui. Akanyamaza, na ukimya wa Baba mtu hujifunza kuuogopa akiwa na miaka sita. Niligeuza gari. Tulikaa kwenye msururu ule kwa dakika arobaini, tukivuta moshi wa dizeli, magari kumi na manne kwa hesabu ya Shangazi, watu wakiwa wamechomoza kwenye mapaa na simu zao, dereva mmoja akimtukana mwenzake kwa adabu ya Kiswahili ili wageni wasielewe. Zamu yetu ilipofika tuliona mkia. Ulining'inia kwenye tawi, ukajikunja ncha, ukatulia. Nyuma yetu honi ililia.

"Gari likisimama, jingine husimama," Baba alisema tulipokuwa tumeondoka, si kwa kunisuta. "Kuna siku nilisimama kukojoa tu, nikapata magari sita nyuma yangu wananiuliza simba yuko wapi."

Maporomoko ya Makalia sitayasimulia sana. Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana mwaka ule na maji yalikuwa membamba kama mkojo wa mbuzi, ingawa pale mtu anaruhusiwa kushuka garini na tulihitaji kunyoosha miguu. Mahamri tuliyala ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, kwa sababu tumbili mmoja alikuwa ameshakaa kwenye boneti akituhesabia.

Mwambani tulifika saa kumi alasiri, kama Baba alivyopanga, na kama alivyosema, wenye kula chakula cha mchana walikuwa wameshaondoka wakabakia nyani wakipekua maganda ya ndizi. Ziwa lilikuwa limelala chini yetu lote, la buluu nzito, mji umelikaribia kwa kaskazini mpaka mabati yakawa yanameta. Ni hapo tu unapoona jinsi uzio wa umeme uliowekwa miaka ya 1980 kulinda vifaru unavyotenganisha nyumba na nyati kama mstari wa daftari. Shangazi alitaka kujua kwa nini kandokando ya maji kulikuwa na miti mingi iliyokauka. Baba hakumjibu. Alisema twende, kulikuwa na mahali pa mwisho.

Nilitarajia atupeleke kwenye njia ya siri, kichakani huko. Badala yake alinielekeza kwenye lango kuu lenyewe, mahali pa fujo kuliko pote, ambapo magari ya jioni yalikuwa yakikimbilia kutoka kabla ya saa kumi na mbili. Karibu na hapo alinikatisha kushoto kwa kulia mara mbili, kwenye kipande cha barabara ya zamani, na baada ya mita chache barabara hiyo ikaingia majini. Iliingia hivi hivi, bila kona, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Pande zake zote mbili migunga iliyokufa ilikuwa imesimama mle majini, myeupe, isiyo na gome, na kila mti ulikuwa na mnandi wake amekaa juu ametandaza mbawa akizikausha. Mbele zaidi ndege watatu, mwari, walikuwa wakielea juu ya mahali ambapo, kwa mujibu wa Baba, palikuwa na maegesho.

"Pale," alisema, akiutoa mkono nje ya dirisha, "ndipo nilipokuwa nikiandikisha gari. Lango la zamani. Ofisi zilikuwa mkono wa kulia. Kulikuwa na mti hapo nilipokuwa nikiegesha kivulini nikingoja wageni wamalize kununua vinyago." Aliutafuta mti huo kwa darubini kwa muda mrefu. Nadhani aliupata, maana aliacha darubini palepale bila kuihamisha.

Kisha alitueleza habari za katikati ya miaka ya 1990, wakati ziwa lilipokauka karibu lote. Upepo wa mchana uliinua magadi makavu, ukayaleta mpaka mjini, watu wakatembea wamejifunga vitambaa puani. Wamaasai, alisema, ndio waliopaita mahali hapa Nakuru, yaani mahali pa vumbi, na mwaka ule alielewa kwa nini. Aliwahi kutembea kwa miguu ndani ya ziwa, juu ya udongo uliopasuka, kumtafutia mgeni kofia iliyopeperushwa. Kofia hiyo aliipata upande ambao sasa mwari walikuwa wakielea.

Shangazi alimimina chai iliyobaki, vikombe vitatu visivyojaa. Hakuna aliyesema neno. Nyuma yetu, hatua chache tu, magari yalipita moja baada ya jingine yakielekea langoni, na hakuna hata moja lililokatisha, mpaka moja likapunguza mwendo. Lilikuwa la watalii, paa limefunguliwa, vichwa vinne vimechomoza. Dereva, kijana wa umri wangu, alilisogeza mpaka likalingana na letu, akaangalia pale tulipokuwa tukitazama, akashusha kioo.

"Shikamoo, Mzee. Mmeona nini hapo?"

Baba alishusha darubini akaiweka mapajani.

"Marahaba, kijana wangu. Hakuna kitu. Ni maji tu."

Kijana alishukuru, akageuza gari, akaenda zake. Baba alingoja mpaka mlio wa injini ulipokwisha, ndipo akainua tena darubini.