Nimechoma senti kumi bure

Leo Jumapili nimeshinda kwa veranda hapa Manyatta, glovu mikononi, natafuta miaka iliyofutika kwa sarafu za zamani. Jirani amepita akaniuliza kama nimeanza kupika changaa, nikamwambia bado.

Hii hobi ilianza na shilingi ya simba niliyopata kwa mkebe wa dani, nyanya yangu, ile ya Afrika Mashariki kabla Kenya itoe shilingi yake 1966. Imeshikwa na mikono mingi hadi simba amebaki kivuli na mwaka umeisha kabisa. Nikasoma vile Wamarekani hufanya na senti tano zao za nyati, zile za 1913 hadi 1938, mwaka wake uliwekwa mahali pameinuka kwa hivyo ulisuguika haraka sana, sasa wao wanadondoshea feriki kloraidi, ile dawa ya hudhurungi mafundi wa redio wanatumia kula shaba kwa bodi. Pale nambari zilipogongwa chuma kilishindiliwa, dawa haili sawa na pale kando, basi mwaka unachomoza polepole. Fundi mmoja wa mtaa akanigawia kidogo kwa chupa ya dawa ya kikohozi.

Nikaweka tone moja, nikangoja, nikaosha. 1, 9, 4, halafu 9! Nilipiga kelele peke yangu kama mtu ameona bao la Gor. Sawa, doa limebaki pale kama shati lililochomwa na pasi, na mkusanyaji wa sarafu wa kweli hatakupa bei ya maana kwa kitu kimetiwa asidi, lakini kwani nauza?

Sasa kiburi kikaingia. Wiki jana pale Kibuye nilinunua senti kumi yenye tundu, ile ya pembe za ndovu, kwa mzee wa vyuma kuukuu, na mahali pa mwaka palikuwa laini tu. Leo nikaitia tone pia, nikasahau hii si mchanganyiko wa shaba na nikeli kama ile shilingi, ni bronzi, dawa inaila tu yote. Ikawa nyekundu-nyekundu, ikakwaruza, mwaka hakuna. Nikaongeza tone lingine, mjinga mimi. Wapi!

Ndio naigeuza niikaushe, nasoma kando ya taji: EDWARDVS VIII. Nikakaa chini. Huyo mfalme aliingia Januari 1936 na Desemba hiyo hiyo akaachia kiti, na kwa vile senti za tundu hazina kichwa cha mfalme, ni jina tu, zake ziliwahi kutoka. Mwaka ni huo mmoja, hakuna mwingine! Yaani ningesoma jina tu. Si sarafu ya bei, zilitengenezwa nyingi, lakini imeniuma.

Zimebaki nne kwa mkebe, zote za George wa sita. Hizo kwanza naangalia kama zina IND IMP, kifupi cha Kilatini cha "Mfalme Mkuu wa India", kama hazina basi ni za baada ya India kupata uhuru 1947. Chupa nimeiweka juu ya kabati, na nimeazima miwani ya dani.